Seva ya muziki nyumbani bila kuua intaneti: diski kwenye ruta, laptopu ya zamani au Raspberry Pi?

Kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, ilikuwa inatokea hivi. Jumapili, baada ya bukari, yaani ugali, mzee anakaa kwenye kiti chake, anashika simu, anachagua wimbo. Kabla gitaa halijaanza unasikia diski ikisema "tk, tk", kisha taa zote za ruta zinazimika kwa pamoja. Zinarudi moja moja: ya umeme kwanza, halafu ya Wi-Fi, na ya mwisho kabisa ile ya mtandao wa 4G, ambayo inakula karibu dakika mbili. Katika dakika hizo mbili mdogo wangu, ambaye masomo yake yote ya chuo yako kwenye simu, anapaza sauti kutoka chumba cha nyuma: "Yaya, mumeua tena mtandao!"

Wiki tatu nzima niliilaumu kampuni inayotuuzia mega, yaani data za intaneti. Nilibadilisha laini, nikapandisha ruta juu ya kabati, nikaishusha. Kumbe kosa lilikuwa letu wenyewe. Diski ya nyimbo ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB la ruta, na ruta ilikuwa inaishiwa pumzi kila diski ilipoanza kuzunguka.

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi wa bure wa ukoo. Nimepita nyumba tatu zenye seva ya muziki, yaani kifaa kinachotunza nyimbo na kuzigawia simu na spika za nyumba, na kila moja ilikuwa inaangusha ruta kwa namna yake. Hapa naziweka bega kwa bega: diski kwenye ruta yenyewe, laptopu ya zamani kwenye Wi-Fi, na ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwenye waya wa mtandao. Asiye na muda wa kusoma yote achukue hukumu yangu sasa hivi: kwa hapa Lubumbashi, umeme wetu ukiwa hivi ulivyo, mimi ningechukua laptopu ya zamani, ila ikae kwenye waya, si kwenye Wi-Fi. Kuna nyumba ambayo Pi inaishinda, nitaisema.

Muziki wenyewe si mzigo

Tuanze na lawama isiyo na haki. Watu husema muziki "unamaliza intaneti". CD ambayo haijabanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukiibana kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote, mara nyingi inashuka hadi kati ya 700 na 1,000. MP3 nzuri kabisa ni 320. Wi-Fi hata iliyochoka inabeba mizigo kama hiyo mara kadhaa. Isitoshe, wimbo unaotoka kwenye seva ya sebuleni kwenda kwenye spika ya jikoni hauli mega hata moja, maana hautoki nje ya lupango, yaani ua wa nyumba. Haufiki kwenye mnara.

Basi kama ruta inaanguka muziki ukianza, kuna kitu kingine kinachoanza pamoja na muziki. Ukikijua hicho ndipo unaweza kuchagua. Ukinunua kabla ya kukijua, utahamisha ugonjwa kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, kama nilivyofanya mimi na ile laini mpya.

Jaribio langu halihitaji chochote cha kununua. Kwenye kompyuta yoyote fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza liandikie ping, amri inayopima jibu linarudi baada ya muda gani, na anwani ya ruta yako. Iko kwenye kibandiko chini yake, na kwenye ruta nyingi za 4G za Huawei ni 192.168.8.1, nyingine hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili liandikie ping na 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google iliyo nje. Kama kompyuta ni ya Windows, ongeza -t mwishoni ili isikome baada ya mara nne. Yaache yote mawili yakimbie, kisha mwambie mtu aweke wimbo.

Namba za ruta zikibaki ndogo, milisekunde 2 au 5, huku za nje zikipanda hadi 800 au 1,500, ruta yako ni nzima. Kuna kitu ndani ya nyumba kinachojaza njia ya kwenda nje. Namba za ruta zenyewe zikipanda hadi mamia, tatizo liko hewani, kwenye Wi-Fi. Zote mbili zikikatika ghafla kwa dakika mbili, ingia kwenye ukurasa wa ruta na utazame imewaka tangu lini. Ikisema dakika tatu wakati umeme haujakatika leo, ruta ilizimika na kuwaka upya, na huo ni ugonjwa wa umeme. Na zikikatika kwa kifaa kimoja huku kingine kikiendelea vizuri, halafu zikabadilishana, hapo shuku anwani: kuna wawili wanaojiita jina moja.

Magonjwa manne. Nyumba tatu nilizoziona zilikuwa nayo yote.

Nyumba ya kwanza: diski kwenye ruta

Hii ni njia rahisi kuliko zote na ndiyo sababu inavutia. Ruta ina tundu la USB nyuma, unachomeka diski, unawasha kile kipengele cha kugawa muziki, simu na redio zinaiona. Hakuna kompyuta, hakuna cha kusanidi, hakuna umeme wa ziada. Kwa maneno ya dukani, ni bure.

Bei yake unaikuta kwenye amperi. Tundu la USB 2.0 limewekewa kutoa miliamperi 500, la USB 3.0 miliamperi 900. Diski ndogo inayozunguka, ile ya inchi 2.5, inapoamka usingizini inaweza kuvuta karibu amperi nzima kwa sekunde chache. Sasa geuza chaja ya ruta yako usome. Ya kwetu imeandikwa volti 12, amperi 1, yaani wati 12 kwa kila kitu: redio ya 4G, redio ya Wi-Fi, na huyo mgeni anayetaka wati 5 kwa ghafla. Volti inashuka, ruta inapoteza fahamu, taa zinazimika. Ile "tk, tk" ya diski ilikuwa dalili kamili, na mimi nilikuwa naisikia kila Jumapili bila kuielewa.

Nikanunua kigawanyo cha USB chenye chaja yake. Ruta ikaacha kuzimika. Nikashangilia siku moja.

Siku ya pili umeme ulikatika mara mbili, mambo ya kawaida, na kila uliporudi ruta ilianza kuhesabu nyimbo zote upya. Mzee ana nyimbo 9,000 na ushee, nyingi ni kanda alizozihamisha mwenyewe usiku baada ya usiku: magitaa ya Katanga, kina Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, na dansi za Kamalondo ambazo sijui nani bado anazo. Ruta nyingi za nyumbani zina kumbukumbu ndogo na ubongo mdogo, na orodha ya nyimbo zinaitunza mahali panapofutika umeme ukienda. Kwa hiyo ubongo uleule unaopitisha pakiti, vile vipande vya data, za masomo ya mdogo wangu ulikuwa unafungua faili moja moja kusoma jina la mwimbaji. Karibu saa nzima intaneti ilikuwa inatambaa.

Na bado kulikuwa na la tatu. Nilikuwa nimeiweka diski juu ya ruta, ipate kukaa vizuri. Diski ni ya USB 3.0. Mwaka 2012 Intel walitoa karatasi ya kiufundi inayoeleza kwamba mawasiliano ya USB 3.0 yanatoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi ya kawaida. Waya mbovu usio na kinga nzuri unaongeza kelele. Nilipoisogeza diski mbali kwa urefu wa mkono, simu ya chumba cha nyuma ilipata mstari mmoja zaidi wa Wi-Fi. Sikuamini, nikairudisha. Mstari ukapotea. Nilifanya hivyo mara tatu kama mtoto mwenye swichi ya taa.

Je, njia hii haifai kabisa? Inafaa mtu mwenye flashi, si diski inayozunguka, yenye nyimbo mia kadhaa, na spika moja. Flashi haiamki kwa kishindo, na orodha fupi inahesabiwa haraka. Zaidi ya hapo unaomba ruta ifanye kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Nyumba ya pili: laptopu ya zamani

Shemeji yangu wa Kampemba alikuwa na laptopu iliyopasuka kioo. Alifanya jambo la busara: akaweka programu ya muziki ndani yake, akaifunga, akaiweka chini ya kabati. Muziki ukaenda vizuri miezi miwili, halafu ukaanza kukatika. Kisha siku moja nyumba nzima ikakosa intaneti, isipokuwa simu mbili ambazo zilikuwa tayari zimeungwa tangu asubuhi.

Nilipofika alinipa simu yake. "Shemeji, Wi-Fi imejaa mistari yote, lakini hakuna kinachofunguka." Nikaingia kwenye maelezo ya Wi-Fi, nikasoma anwani ambayo simu imepewa. Ruta yake inagawa anwani zinazoanza na 192.168.8. Simu ilikuwa na 192.168.137 na namba nyingine mwishoni.

Namba hiyo 137 ikariri, itakuokoa siku moja. Ni anwani ambazo Windows inazigawa yenyewe ukiwasha kipengele cha kushirikisha intaneti. Shemeji zamani alikuwa anachukua mega za simu yake kwa USB na kuzipitisha kwenye kompyuta ya mezani kwa waya. Alisahau kuzima. Siku alipochomeka waya uleule kwenye ruta, ili muziki uache kukatika, nyumba ikapata wagawaji wawili wa anwani. Simu iliyojibiwa na ruta kwanza ilipata intaneti. Iliyojibiwa na laptopu kwanza ilielekezwa kwenye njia isiyokwenda popote. Tulizima kipengele kile kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, tukazima na kuwasha Wi-Fi kwenye simu zote, tukaenda kula.

Lakini kwa nini alikuwa ameihamisha kwenye waya? Kwa sababu ya ugonjwa wa hewani, na huu unahitaji kuelezwa polepole, maana ndio unaopata nyumba nyingi.

Seva ikiwa kwenye Wi-Fi, kila wimbo unapita hewani mara mbili: kutoka laptopu hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi spika. Redio ya ruta inazungumza na mmoja kwa wakati mmoja. Spika nne zikicheza FLAC ya megabiti 1 kila moja, tayari ni megabiti 8 hewani. Bado si nyingi. Shida ni simu iliyo mbali, kule nyuma ya lupango karibu na bomba la maji, inayoongea na ruta kwa mwendo wa chini. Inapozungumza, wengine wote wanasubiri. Foleni ya kisimani inakwenda kwa kasi ya mwenye ndoo inayovuja.

Juu ya hapo kuna matangazo. Programu za muziki zinazotumia DLNA, mfumo wa vifaa vya nyumbani kuonana na kugawana muziki, hupiga mbiu mara kwa mara: "Mimi seva, niko hapa!" Mbiu hizo huenda kwenye anwani ya watu wote, 239.255.255.250. Kwenye waya si kitu. Kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ruta nyingi hutuma ujumbe wa watu wote kwa mwendo wa chini kabisa, ambao mara nyingi ni megabiti 1, ili hata kifaa kizee kuliko vyote kisikie. Ukiwa na seva moja, televisheni moja, spika tatu na redio moja, zote zikipiga mbiu, ruta dhaifu inabaki kupiga tarumbeta tu.

Dawa ya yote mawili ni waya wa mita 5. Laptopu ikiwa kwenye waya, hewa inabeba wimbo mara moja tu, kwenda kwenye spika. Kama spika kubwa ya sebuleni nayo ina tundu la waya, ipe, na hapo hewa haibebi kitu.

Laptopu ina kosa lingine, na hili nalichukia kwa sababu linajificha. Ni kompyuta kamili, na kompyuta kamili ina mambo yake. Windows inataka kujisasisha. Programu ya muziki, ukiiruhusu, inataka kupakua picha ya kila albamu na wasifu wa kila mwimbaji. Hapo ndipo ile ping ya nje inapopanda hadi 1,500 huku ya ruta ikibaki 2, na ndipo mega zinapokwenda kweli. Mtu anasema "seva ya muziki inakula mega", naye hajakosea sana. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, uuweke mtandao huo kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Kwenye programu ya muziki zima utafutaji wa picha mtandaoni. Kama kuna programu ya torenti, ifute. Torenti inafungua mamia ya mawasiliano kwa wakati mmoja, na jedwali ambamo ruta ndogo inayaorodhesha linajaa hadi mdogo wako hawezi kufungua hata ukurasa mmoja.

Ukishafanya hivyo, laptopu inabaki na sifa ambayo haiwezi kununuliwa kirahisi: ina betri. Hata betri iliyochoka, iliyobaki na wati-saa 24, inaweza kuendesha laptopu yenye kioo kilichozimwa kwa saa mbili hivi, ikiwa inakula wati 12. Umeme unaondoka, seva haijui. Haizimiki katikati ya kuandika, haihesabu nyimbo upya. Kwa mji wetu, mimi hilo nalipa uzito kuliko mambo mengine yote. Usisahau tu kuiambia isilale ukifunga mfuniko.

Nyumba ya tatu: Raspberry Pi

Rafiki yangu wa Katuba ni mtu wa vitu vipya. Alinunua Raspberry Pi 4, toleo lililotoka mwaka 2019, akaiweka kwenye kijumba cha mbao alichokitengeneza mwenyewe. Inapendeza. Inakula wati 3 ikiwa imetulia na 6 au 7 ikifanya kazi. Ina tundu la waya la gigabiti, hailalami, haina feni, haitaki kujisasisha bila ruhusa.

Ikiwashwa, intaneti ya nyumba inakufa. Ikizimwa, inafufuka. Kila mara, bila kukosa.

Tulikaa barazani na laptopu yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikaandika arp -a, amri inayoonyesha ni kifaa gani kinachoitikia kila anwani. Kwenye 192.168.1.1, ambayo ni ruta, kulikuwa na anwani ya MAC, ile namba ya kadi ya mtandao ya kifaa chenyewe, inayoanza na dc-a6-32. Nikamwomba ageuze ruta. Kibandiko chini yake kilikuwa na herufi tofauti kabisa. Nikamwambia, "Ndugu, huyu anayeitika si ruta." dc-a6-32 ni herufi za Raspberry Pi.

Alikuwa amefuata somo la video. Somo lilisema andika anwani ya Pi, kisha andika anwani ya ruta. Aliandika ya ruta sehemu zote mbili. Kwa hiyo kila simu ilipouliza "ruta ni nani?", wawili waliitika, na yule wa mbao hakuwa na njia ya kwenda nje.

Hili lingeweza kutokea kwa laptopu pia, ila kwenye Pi linatokea zaidi kwa sababu masomo mengi yanawaambia watu waandike anwani kwa mkono. Usiandike. Iache Pi iombe anwani kama simu nyingine, halafu ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, uiwekee nafasi ya kudumu kwa anwani yake ya MAC. Ruta ndiyo inayogawa, kwa hiyo haitampa mwingine. Na ukishaweka waya, zima Wi-Fi ya Pi, isije ikajitangaza kwa milango miwili.

Udhaifu wake mkubwa ni umeme. Pi 4 inataka chaja ya volti 5, amperi 3. Ukiipa chaja ya simu ya sokoni inalegea bila kusema. Na inaishi kwenye kadi ya memori. Umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika, na hapo huna seva hadi uandae kadi upya. Rafiki yangu amepoteza mbili. Hivi sasa ana betri ya volti 12, amperi-saa 7, ambayo ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata 42. Ruta yake ya wati 8 na Pi yenye diski ya wati 6 zinakula 14, kwa hiyo ana saa tatu. Siku nyingi zinatosha.

Pi inashinda pale ambapo tayari kuna inveta au sola ndani ya nyumba. Kwa nyumba kama hiyo, wati 6 mchana na usiku dhidi ya 12 au 20 za laptopu ni tofauti unayoiona kwenye betri asubuhi. Pasipo inveta, usiianze.

Swichi, na kitu cha kuzima

Chochote utakachochagua, ongeza swichi ya mtandao, kile kisanduku kidogo cha matundu matano cha kuunganisha waya. Waya mmoja kutoka swichi kwenda ruta, na seva na spika kubwa ziunge kwenye swichi. Wimbo unatoka tundu moja kuingia jingine bila kupita kwenye ruta. Ruta hata ikizimika, sebuleni gitaa linaendelea. Angalia jambo moja tu: waya mmoja usiwe na ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo. Nimeona mtoto akifanya hivyo kwa nia ya kupanga vizuri, na taa zote za swichi zikaanza kupepesa kama za dansi. Pakiti zilikuwa zinazunguka bila kituo na ruta ikanyamaza.

Kisha ingia kwenye ruta uzime UPnP, kile kipengele kinachoruhusu seva kujifungulia mlango wa nje. Kwa mtandao wa 4G wa kawaida mara nyingi hauna anwani yako mwenyewe huko nje. Mmewekwa wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni. Ukiona anwani ya nje ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, ndivyo ilivyo. Seva inabisha kwenye mlango usiofunguka, inarudia tena na tena, na hakuna unachopata.

Upande wa programu sina mengi. Navidrome ni nyepesi, simu zinaiuliza moja kwa moja kwenye poti 4533 bila mbiu za DLNA, na inakwenda hata kwenye Pi ya zamani. Lyrion, ambayo hadi 2024 ilijulikana kama Logitech Media Server, ndiyo nzuri ukitaka vyumba vitatu vicheze wimbo mmoja kwa mpigo mmoja. Jellyfin ni ya mtu mwenye filamu pia. Kwa muziki peke yake ni kuazima lori kubebea mkate. Na kanda za mzee hazihitaji ubora wa biti 24 na kilohezi 96, ambao ni kilobiti 4,608 kabla ya kubanwa. Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, kwa vyombo vya wakati ule. Biti 16 na kilohezi 44.1 zinabeba kila kilichomo humo na nafasi inabaki.

Sasa chagua

Una spika moja na nyimbo mia chache? Acha habari za seva. Weka nyimbo kwenye flashi, ichomeke kwenye redio. Nyimbo 4,000 za MP3 za megabaiti 8 ni gigabaiti 32, na flashi hiyo haijawahi kuangusha ruta ya mtu.

Una nyimbo nyingi, umeme wa kukatika, na laptopu mbovu mahali fulani kwenye ukoo? Ichukue hiyo, waya wa mita 5, na swichi. Kama unainunua iliyotumika, usimsikilize muuzaji akisifu ubongo wake. Mwambie aondoe chaja, subiri dakika 20, utazame asilimia ya betri imeshuka kiasi gani. Kioo kikiwa kimepasuka, hiyo ni sababu ya kupunguza bei.

Una sola au inveta inayoshikilia usiku kucha, na una subira ya kusoma? Pi, yenye chaja yake halisi, na usiguse sehemu ya anwani.

Diski kwenye ruta naiacha kwa yule ambaye anwani, waya na swichi vimemchosha tayari, kwa sharti kwamba iwe flashi.

Kwetu sasa laptopu iko chini ya kabati la vyombo, na ruta imebaki na kazi moja. Jumapili iliyopita mzee aliweka wimbo, nikaenda kimya kimya chumba cha nyuma kutazama ile ping. Milisekunde 3, 3, 4, 3. Mdogo wangu aliinua macho kutoka kwenye simu, akaniuliza natafuta nini chumbani kwake.